Asubuhi za Kusukuma Gari

Betri ya gari langu haikufa siku moja. Ingekufa siku moja ningenunua nyingine siku hiyohiyo, na haya ninayoyaeleza yasingetokea, au yangetokea bila mimi kuwa na mkono ndani yake.

Ilianza mwezi wa sita, wakati baridi ya Kibondo inapokuwa kali na ukungu unakaa mabondeni mpaka jua lipande. Mimi ni muuguzi. Nafanya kazi kwenye zahanati ya kijijini, upande wa Kasanda, na kila asubuhi natakiwa niwe nimefika kabla akina mama hawajajaa kwenye benchi na watoto wao mgongoni. Gari lenyewe ni dogo, la gia za mkono, lilikwisha kupita kwa watu wawili kabla ya kufika kwangu. Mume wangu ni mwalimu Kasulu na huja nyumbani mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo ukiacha siku hizo, mimi na gari tulikuwa tunaelewana wenyewe.

Asubuhi hizo nikizungusha ufunguo, starta ilikuwa inazunguka kwa uzito, kama mtu anayeamshwa hajashiba usingizi. Taa za dashibodi zinafifia, nabana pumzi, halafu injini inawaka. Mchana, wakati wa kurudi, inawaka bila neno. Jambo hilo la mchana ndilo lililonidanganya. Kila jioni nilikuwa nasahau hofu ya asubuhi.

Mume wangu alipokuja alifungua boneti, akaosha kwa maji ya moto ule unga mweupe uliokuwa umeota kwenye vichwa vya betri, akakaza nyaya, akaongeza maji ya betri. Akaniambia niwashe. Ikawaka mara moja.

"Bado hii," akasema.

"Bado nzima, au bado haijafa?"

Akacheka. "Itatufikisha Desemba."

Nililipenda jibu hilo. Binti yetu alikuwa anaingia kidato cha tano, mahitaji yalikuwa mengi, na mimi nimelelewa na mama aliyeziba ndoo kwa lami mpaka ikawa lami zaidi kuliko ndoo. Kununua kitu wakati cha zamani bado kinapumua kulikuwa kwangu kama kosa.

Hata hivyo nilikwenda kwa fundi umeme wa magari, jirani na stendi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alifungua vifuniko sita vya betri, akaingiza kwenye kila tundu kipimo chake cha kioo, akanyonya maji kidogo, akatazama, akarudisha. Alipomaliza alirudi kwenye tundu la tatu akapima tena.

"Vyumba vitano vinasema," aliniambia. "Kimoja kimenyamaza."

"Maana yake?"

"Nikikuchajia leo utaondoka unafurahi. Wiki mbili utakuwa umerudi. Badilisha sasa, sista, wakati unaweza kuchagua siku. Baadaye itachagua yenyewe."

Nilimtazama, kisha nikatazama nyuma yake. Rafu ilikuwa imejaa betri mpya. Nikajiambia, huyu naye ana biashara yake, na mimi ni mwanamke mwenye gari, kila fundi anadhani sijui kitu. Nikamwambia achaji tu. Alichaji bila kubishana.

Hazikupita wiki mbili. Asubuhi moja niligeuza ufunguo nikasikia mlio mdogo tu, tik, basi. Nikageuza tena. Tik. Nilishuka, nikasimama na koti langu la kazi, nikiangalia kichochoro.

Kichochoro chetu kina kimlima kidogo mbele ya nyumba yangu, hatua kama thelathini hivi, kisha kinateremka kuelekea barabarani. Ukilifikisha gari juu pale, linashuka lenyewe, unaweka gia ya pili, unaachia klachi, linawaka. Kazi iko kwenye zile hatua thelathini.

Wa kwanza kutoka alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya pili. Watu wote tulimwita Fundi. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, wakapata uraia hapahapa, na alikuwa akisalimia kwa lugha ya kwao hata Waha ambao wana yao inayofanana nayo.

"Mwaramutse, sista. Limegoma?"

"Limegoma, Fundi."

"Ingia ndani. Wewe kazi yako ni usukani."

Aligonga milango miwili mitatu. Akatoka mwalimu mstaafu na sweta yake, wakatoka kina mama wawili waliokuwa wanakwenda shamba, wakaegemeza majembe ukutani. Mwenye duka wa pembeni, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya Ujiji, alivuka njia akiwa bado na tasbihi mkononi. Wakasukuma. Mtu mmoja alisema neno kwa Kiha, wengine wakaangua kicheko, gari likapanda, likashuka, likawaka. Nikapiga honi. Kwenye kioo niliwaona wamesimama juu ya kimlima wananipungia mikono kama nasafiri kwenda nchi nyingine.

Kesho yake waliniuliza kabla sijawaambia. Ikawa hivyo. Asubuhi nyingine liliwaka lenyewe, lakini nyingi halikuwaka. Nikifungua mlango wa gari, nasikia milango mingine nayo inafunguka. Tulikuwa tunasalimiana pale, tunaulizana habari za mahindi, nani kaumwa, nani kapata mjukuu. Nilikuwa nimekaa mtaa ule miaka minne, na ni mwezi ule ndio nilijua majina ya watoto wa watu. Nikaanza kuzipenda zile asubuhi. Na hapo ndipo akili yangu ilipofanya hesabu yake ya ajabu: kama watu wanasukuma kwa furaha, haraka ya nini?

Mume wangu akipiga simu ananiuliza, "Betri inasemaje?"

"Inasukumika," namjibu, tunacheka wote wawili.

Sasa niseme nilichokuwa nakiona, maana nilikuwa nakiona. Dereva wa gari linalosukumwa hana cha kutazama ila kioo. Nilikuwa naziona nyuso zao zote, na uso wa Fundi ulikuwa katikati daima. Alikuwa anasukuma kwa bega moja. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye gari, wa kushoto ulikuwa chini, ameubana chini ya mkanda, upande wa paja. Gari likishafika juu, wenzake wanapunga mikono, yeye anainama kando ya ukuta kama mtu anayefunga kamba za viatu. Fundi alikuwa anavaa kandambili.

Miaka kumi na saba nimefanya kazi ya kutazama watu wanavyosimama, wanavyoketi, wapi wanapoweka mkono. Mwanamume akiingia zahanati ameshika mahali pale, hata hajafika kwenye kiti nimeshajua nitamwuliza nini. Lakini kwenye kioo cha gari langu sikuuliza. Nilikuwa nasubiri injini iwake.

Mambo yalibadilika Jumapili moja, mchana. Mume wangu hakuja wiki ile. Jumamosi sikutoka, gari lilikuwa limesimama tangu Ijumaa. Nilikuwa uani naanika nguo, mke wa Fundi akaingia. Yeye ni mwanamke mrefu, anauza nyanya na dagaa sokoni, na hana mazoea ya kuzunguka. Hakukaa nilipomkaribisha.

"Sista, nimekuja kukuomba usimwite tena mume wangu kwenye gari lako."

Nilishtuka. "Sijawahi kumwita, mama."

"Ndiyo. Humwiti. Ndiyo maana anakuja."

Nikaiacha nguo kwenye beseni. Akaniambia, bila kupaza sauti, kwamba mume wake ana mshipa wa ngiri. Anao muda mrefu, zaidi ya mwaka. Jioni unashuka, akilala unarudi. Alikuwa anamficha kila mtu, hata yeye mke wake alijua kwa kuona tu. Tangu tuanze kusukuma gari ulikuwa unashuka kila siku, na siku hizi anarudi nyumbani anaketi kitandani dakika nyingi kabla hajaweza kukaa kwenye cherehani.

"Nimemwambia aache. Ananijibu, yule ana wagonjwa wanamngoja, tukimwacha hapa nani atawatazama?" Akaongeza, "Na leo haurudi. Tangu alfajiri haurudi. Anatapika."

Sikumbuki kama nilivaa viatu. Nilimkuta Fundi amelala ubavu kwenye mkeka, magoti ameyakunja, jasho limemjaa usoni. Aliponiona alijaribu kuketi, kwa adabu.

"Sista, karibu. Ni tumbo tu."

"Fundi, naomba nikuangalie."

"Hapana. Wewe ni jirani."

"Leo mimi si jirani."

Alimtazama mke wake, kisha akageuza uso ukutani, na huko kugeuka ndiko kulikokuwa ruhusa. Nilikuta uvimbe mgumu, wa moto, na nilipougusa kwa kidole tu alitoa sauti ambayo sikutegemea kuisikia kwa mtu kama yeye. Sikujaribu kuusukuma ndani. Ukishafika hapo haugusiki, utumbo umebanwa, na kila saa inayopita ni hatari. Nilimwambia mke wake asimpe kitu chochote, hata maji, tunakwenda hospitali sasa hivi.

Tulimshika huku na huku, tukamlaza kiti cha nyuma. Niliketi, nikageuza ufunguo.

Hata ule mlio mdogo haukutoka.

Najua nilivyokaa pale. Nilishika usukani kwa mikono miwili na nikawa naangalia ufunguo kama mtu anayesubiri jibu. Ilikuwa saa nane mchana, mtaa ulikuwa mtupu. Kina mama wa majembe walikuwa kwenye mkutano wa injili ng'ambo ya pili ya mji. Mwalimu mstaafu alikuwa amekwenda msibani. Mke wa Fundi hakunilaumu. Alifunga kanga yake kiunoni, akaenda nyuma ya gari, akaweka mikono.

"Kaa vizuri, sista," akasema. "Shika usukani."

Mwenye duka alituona. Aliacha duka wazi, akaja anakimbia, na sijapata kumwona akikimbia kabla ya siku ile wala baada yake. Wawili. Gari lilisogea hatua tano, likarudi tatu. Nikavuta breki ya mkono, nikashuka, walipoweka mabega tena nikaiachia, nikasukuma nami nikiwa nimeshikilia usukani kupitia dirishani. Ndani Fundi alikuwa anasema, "Niacheni nishuke, mimi ni mzito," na mke wake kutoka nyuma akamjibu kwa ukali kwa lugha yao, nikaelewa maana hata bila kushika maneno. Kwenye kioo sikuwa na nafasi ya kutazama. Nilikuwa nasikia pumzi zetu tu. Wanaume wawili waliokuwa wanapita na baiskeli kule barabarani walituona, wakazilaza chini, wakapanda kuja kutusaidia, na ndio waliotufikisha juu.

Nikarukia ndani. Mara ya kwanza niliachia klachi mapema, gari likashtuka, likakataa. Mteremko ulikuwa unakwisha. Mara ya pili likawaka.

Mke wake alikuwa amebaki nyuma. Sikuthubutu kusimama. Alinikuta hospitali baadaye, amepakiwa na mmoja wa wale wenye baiskeli, na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi.

Pale hospitali sikuzima injini. Nilimfikisha, nikamweleza daktari wa zamu, nikajaza fomu, na muda wote huo gari lilikuwa linanguruma chini ya dirisha la wodi. Mlinzi alikuja mara mbili. "Mama, zima gari, mafuta yanaisha na wagonjwa wanasumbuliwa na moshi." Nikamwambia siwezi. Akaniuliza kwa nini siwezi, na nikashindwa kumwambia kitu kirahisi kama kile, kwamba betri ni mbovu, nilijua ni mbovu, na niliambiwa. Mwishowe nilizima. Nikakaa kwenye benchi kando ya mke wa Fundi, tukasubiri. Alikuwa anavuta kamasi kama mtu mwenye mafua, na mimi nilikuwa naogopa kumpa leso.

Walimtoa chumba cha upasuaji jua likiwa bado halijazama. Utumbo ulikuwa umebanwa lakini ulikuwa bado una rangi yake, hawakuhitaji kuukata. Daktari alisema tungechelewa mpaka kesho angekuwa anazungumza maneno mengine.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini. Nilimwita fundi umeme wa stendi, akanifuata hospitali na mkoba wake na betri mpya amefunga nyuma ya pikipiki. Alifungua ile ya zamani palepale kwenye maegesho. Nilisubiri aseme, nilikuambia. Hakusema. Alikaza nyaya, akapaka grisi, akasimama kando.

"Washa."

Liliwaka kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo. Nilitaka kulia, si kwa furaha. Lilikuwa jambo la muda wa kunywa chai. Tangu mwezi wa sita nilikuwa nalizunguka jambo la muda wa kunywa chai.

Jioni nilimpigia mume wangu. Akasema, "Ungesubiri nije Jumamosi tukalinganishe bei."

"Sikuweza kusubiri tena."

Nikamweleza yote. Kisha akasema, "Ni mimi niliyesema Desemba." Sikumwondolea maneno hayo, wala sikumwongezea. Tulikuwa wawili.

Fundi alirudi nyumbani baada ya siku chache. Nilikwenda kumsafisha kidonda, na safari hii hakugeukia ukutani. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi kwa maneno mengi. Nilianza, akanikatiza.

"Sista, huu mshipa niliupata kwa magunia. Miaka ile nabeba mizigo kule kambi ya Nduta, kabla sijanunua cherehani. Gari lako limeukuta."

"Limeukuta, likauzidisha."

"Ego," akasema. Ndiyo. Alikuwa mkweli, hakunipunguzia zaidi ya pale. "Lakini na mimi nilinyamaza."

"Kwa nini hukuniambia? Kazi yangu ndiyo hiyo."

"Ningekuambia ungenikagua."

"Ningekukagua."

"Basi, ndiyo hiyo." Akaanza kucheka, kisha akashika tumbo kwa sababu ya nyuzi, akawa anacheka na kulalamika kwa pamoja. Mke wake, aliyekuwa anachambua dagaa mlangoni, hakucheka.

Asubuhi zikawa kimya. Naingia kwenye gari, linawaka, naondoka. Milango haifunguki. Wiki ya kwanza nilijiona kama mtu aliyehama bila kuaga. Siku moja mwenye duka alinisimamisha. "Siku hizi unapita tu, mama. Habari zetu huzitaki tena?" Aliuliza kwa mzaha, lakini nilikuwa nimechelewa kulitambua hilo mwenyewe. Tangu siku ile natoka nyumbani mapema kidogo, nikishawasha gari naliacha lipate moto, napita kusalimia kwa miguu. Si sawa na zamani. Watu wakisukuma kitu kimoja wanazungumza kwa namna nyingine.

Na kazini nimekuwa na swali jipya. Mwanamume akija na maumivu ya mgongo au tumbo, namwuliza anabeba nini, halafu namwuliza anambebea nani. Wengi hulishangaa swali la pili. Wachache huanza kueleza.

Wa mwisho kunirudia alikuwa mke wa Fundi. Alikuwa anaitikia salamu zangu, ananiuzia nyanya, ananirudishia chenji, basi. Sikumlaumu. Mwezi wa kumi, mvua zimeanza, alikuja mlangoni akauliza kama Jumamosi nakwenda Kasulu kwa mume wangu, maana mama yake anaumwa na mabasi yanaondoka yamejaa. Nikamwambia twende.

Tulisafiri muda mrefu. Mashamba pande zote yalikuwa yamelimwa, udongo mwekundu umelowa, watu wanapanda maharage. Tulipopita njia panda ya kwenda kambi ya Nyarugusu alinyoosha kidole, akasema shangazi yake anakaa mle, hajamwona tangu mwaka jana. Nikamwambia tukirudi tunaweza kuuliza kama wataturuhusu kuingia. Akatikisa kichwa kukubali.

Karibu na Kasulu, akitazama nje, akasema, "Nilikuchukia, sista. Ile siku nasukuma, nilikuchukia."

"Najua."

"Hujui. Nilikuwa nasukuma huku nakuapiza. Nilikuapiza mpaka gari likawaka."

Nilipunguza mwendo, kulikuwa na ng'ombe barabarani.

"Sasa imetosha," akasema. Kisha akaniuliza kama sokoni Kasulu dagaa wa ziwani wamefika, na kama wamefika, nimsubiri achukue ndoo mbili kabla hatujaenda kwa mama yake.